Kuandika mito si kukaa kando ya maji

Nikisema kwenye basi la Iringa kwenda Mbeya kwamba ninaandika habari za mito na mashamba, jirani wa kiti huniuliza: "Na kazi unafanya gani?" Watu wana mawazo mengi kuhusu shughuli hii. Mengine hayana madhara. Mengine yanaiumiza mito yenyewe, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu leo.

La kwanza nalipita haraka: kwamba mwandishi wa aina hii hukaa kivulini, akasubiri maneno yamjie. Kazi hii ni ya miguu. Kule Rungwe wageni hupiga picha Daraja la Mungu, mahali ambapo Kiwira unapita chini ya mwamba wa volkano, kisha wanaondoka. Anayeuandika mto huo huufuata hadi kwenye migomba, akaulize nani anachota na nani anafua.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba mto Ruaha Mkuu unakauka kwa sababu mvua zimepungua, au kwa sababu ya ng'ombe. Niliamini hivyo miaka mingi, na niliandika hivyo. Naijutia makala ile.

Ukweli unaanzia kwenye umbo la nchi. Mito kama Mbarali, Kimani na Chimala inashuka kutoka milimani, inatandaa kwenye bonde la Usangu, kisha maji yanakusanyika Ihefu, kinamasi kikubwa cha bonde hilo. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, mwamba wa Ng'iriama. Ihefu ni kama beseni na mwamba ule ndio ukingo wake: maji yakishuka chini ya ukingo, mto unakatika, ingawa ndani ya beseni bado yamo. Ndiyo maana tangu 1993 Ruaha umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakabanana kwenye madimbwi ya tope. Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu, na 2008 eneo hilo likaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto uliendelea kukauka.

Basi nenda ukasimame mwezi wa nane kwenye banio, lango linalochepusha maji ya mto kuingia mferejini. Mpunga umeshavunwa, lakini mfereji bado umejaa, na maji yanaingia kwenye majaruba matupu, yanalowesha mashina makavu mpaka jua liyanywe. Siku moja nilisimama pale nikiwa na hasira, hukumu yangu tayari iko kichwani. Mama mmoja akaja na ndoo, akachota, akajitwisha, akaniuliza: "Mwanangu, wakilifunga hilo banio, sisi tutakunywa nini?" Kijiji chake kilikuwa hakina bomba. Mfereji ule wa mpunga ndio uliokuwa kisima chao. Kulifunga banio bila kuwapa watu maji ni kuwahamishia kiu ya viboko. Jambo hili sikulipata kwenye ripoti yoyote, nililipata kwenye ndoo ya mama yule.

Wengine humwona mkulima wa vinyungu, vishamba vya mabondeni kando ya maji, kuwa adui wa mto. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini ukimtazama Mhehe au Mbena akilima kinyungu, akifukia majani chini ya tuta ili udongo ubaki na unyevu, apate mahindi mabichi wakati ghala limekwisha, utaona ujuzi uliokuwapo kabla ya sheria hiyo. Huwezi kuandika "wavamizi wa vyanzo vya maji" ukadhani umemaliza.

Wapo pia wanaosema habari hizi zinawahusu watu wa bondeni peke yao. Maji ya Ruaha hujaza bwawa la Mtera, yakizungusha mitambo ya megawati 80, kisha yanateremka Kidatu kwenye megawati 204. Ukiwasha taa Dar es Salaam, unagusa banio la Usangu.

Mwaka huu nimerudi kwa mzee mmoja wa Mbarali anayeupima mto kwa jiwe lililo mbele ya shamba lake. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanyoosha fimbo. Alama ya maji kwenye jiwe ilikuwa chini ya ile ya mwaka jana kwa upana wa kiganja. Nimeiandika, pamoja na tarehe.