Picha nzuri, chumba kigumu kukalia

Watu huniuliza uzuri unakaa sehemu gani ya ubongo, na mimi huwa naanza na jaribio la watafiti wa ubongo Kawabata na Zeki la mwaka 2004, waliwalaza watu kwenye skana ya ubongo wakawaonyesha michoro, na kila mtu alipokutana na mchoro ambao yeye mwenyewe alishasema ni mzuri, eneo la mbele la ubongo, hapo juu kidogo ya macho, lilichangamka zaidi. Yeye mwenyewe, shika hilo.

Afu mwaka 2009 mtafiti Ulrich Kirk na wenzake wakachukua wasanifu majengo na watu wengine tu wakawapa picha za majengo wazipe alama. Alama hazikupishana, ila kwa wasanifu eneo lilelile la juu ya macho lilifanya kazi zaidi! Yaani mnaweza mkakubaliana kabisa kwa mdomo na bado vichwani kila mtu ana lake, na hili kwangu ni zito kwa sababu msanifu akipenda kitu anaamini kabisa na mtumiaji atakipenda hivyohivyo.

Kuna na jaribio la mtafiti Vartanian na wenzake la 2013. Vyumba vyenye mikunjo, yaani maumbo ya kupinda, watu waliviona vizuri kuliko vyenye kona kali, lakini walipoulizwa kama wangeingia au wangeondoka, mikunjo haikuleta tofauti yoyote.

Ndo maana nikibuni chumba mimi sitaki kuanza na picha za kompyuta, nataka maboksi, tukijenge kwa mfano watu wakijaribu kwanza. Kwenye UTOPIA, mradi wa utafiti kule Skandinavia ulioanza 1981, wachapaji wa magazeti walijaribu vifaa vya kesho vya kazi yao hivyohivyo, boksi tupu likasimama badala ya printa ya leza. Ukigusa kitu na kukizunguka, mwili nao unatoa maoni.

Kuna siku tulijenga chumba cha kusubiria wagonjwa kwa maboksi, ukubwa wake kamili, viti tukavipanga duara kwa sababu kwenye picha duara lilipendeza mno. Tukaalika watu waje wakae. Mama mmoja alikaa na mtoto mapajani, akageuza shingo mara tatu kuangalia mlango wa daktari, mwisho akainuka bila kuulizwa akakiburuta kiti mpaka ukutani. "Nyuma yangu watu wanapita pita, situlii."

Duara tukalivunja siku ileile, viti vikaegemea ukuta, vikatazama mlango. Rangi hatukugusa, taa hatukugusa. Nikamuuliza sasa chumba anakionaje.

"Sasa kimekuwa kizuri."