Epoksi kwenye banda la gari: geuza ganda uone mgongo wake

Sakafu ya kwanza ya epoksi, ile rangi nzito ya makopo mawili inayogandia juu ya zege kuwa ganda gumu, niliyoipiga mwenyewe ilikuwa ya banda la gari la shemeji yangu, Tabata, mwezi wa Aprili. Siku ya kwanza ilipendeza kiasi kwamba majirani waliitwa waje kuiona. Wiki ya tatu gari lilipotoka asubuhi liliacha mabaka manne, kila gurudumu limeondoka na ganda lake. Niliokota ganda moja nikaligeuza. Upande wa chini ulikuwa umefunikwa na ngozi nyembamba ya kijivu, laini kama karatasi. Ilikuwa niru, ule uso wa saruji tupu uliosuguliwa ukang'aa. Epoksi ilishika barabara; kile ilichokishika ndicho kilichoachia.

Tangu siku hiyo, mtu akinipigia simu kwamba epoksi yake inabanduka, namwomba kwanza picha ya mgongo wa ganda. Ukiwa na unga wa saruji, uso wa sakafu ulikuwa dhaifu. Ukiwa safi na unang'aa, sakafu haikukwaruzwa na epoksi ilikosa pa kung'ata. Ukiwa na majimaji au chumvi nyeupe, maji yanapanda kutoka ardhini. Ukiwa mweusi na unateleza, ni mafuta ya injini yaliyozama humo miaka mingi.

Niru nianze nayo kwa sababu iko kila mahali kwetu. Fundi akimaliza jamvi, yaani sakafu ya zege, hunyunyiza saruji au huikoroga na maji bila mchanga, akaisugua kwa mwiko mpaka ing'ae. Sebuleni kwa bibi ilikuwa fahari ya nyumba. Lakini ni tabaka jembamba lisilo na nguvu ya zege lililo chini yake, na limeziba vitundu vyote ambavyo epoksi ingevitumia kuzamisha mizizi. Mwagia tone la maji: likikaa juu kama kwenye jani la mgomba, bado hujaanza kazi. Likinywewa ndani ya dakika moja hivi, sakafu iko wazi.

Wengi hutumia asidi. Mimi siipendi. Haipenyi kwenye mafuta, ni lazima ioshwe na kuondolewa ukali kwa magadi soda, na inaacha sakafu imelowa maji wakati unachokitaka ni ukavu. Ukilazimika, asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Mimi nakodi grainda yenye kikombe cha almasi na kusaga mpaka ukipitisha kiganja unahisi msasa wa wastani. Vumbi lake lina silika, na silika ikikaa kwenye mapafu haitoki. Kile kitambaa cha kujifunga puani hakizuii kitu. Vaa maski ya N95 au bora zaidi, miwani, na funga mashine ya kuvuta vumbi kwenye grainda. Saidia fundi naye apewe maski yake. Madoa ya mafuta yaoshwe kwa sabuni kali kabla ya kusaga, la sivyo grainda inayasambaza. Zege jipya lipewe siku 28 kwanza.

Sasa maji ya chini. Nyumba nyingi za Dar es Salaam, hasa za zamani, jamvi lilimwagwa bila karatasi ya nailoni chini yake. Unyevu wa ardhi hupanda kama mafuta kwenye utambi. Zege tupu huuachia hewani, wala huoni chochote. Ukilifunika kwa epoksi isiyopitisha hewa, unyevu unasukuma kutoka chini na malengelenge yanatokea. Kata nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, uiache kwa muda usiopungua saa 16. Mimi huiacha mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, ahirisha. Na ujue kwamba sakafu inayofaulu Agosti inaweza kufeli Aprili. Mvua za masika hupandisha maji, ndiyo maana kwa watu wa pwani nashauri Juni hadi Septemba. Kama sakafu yako inatoa chumvi kila mwaka, achana na epoksi ya kawaida: tafuta tabaka maalumu la kwanza la kuzuia unyevu (praima), au weka vigae na uwe na amani.

Hesabu ya kiasi haina siri. Banda la mita 3 kwa 6 ni mita 18 za mraba. Epoksi isiyo na maji wala thina, lita moja inatandika mita moja ya mraba kwa unene wa milimita moja. Kwa robo milimita inatosha mita nne. Hapo unahitaji lita nne na nusu kwa koti moja, na kwa kuwa sakafu iliyosagwa inakunywa, nunua tano. Zile za maji ni rahisi kupaka, ila maji yakishakauka unabaki na utando mwembamba zaidi. Usilinganishe bei ya makopo kabla hujalinganisha kinachobaki sakafuni.

Saa ya kupaka ndiyo inayowapa shida watu wa pwani. Asubuhi sakafu inapopata joto, hewa iliyo kwenye vitundu vya zege inatanuka na kutoka, ikiacha vipovu kwenye epoksi. Kwa hiyo tunapaka joto likiwa linashuka, alasiri. Lakini jioni unyevu wa hewa nao unapanda. Sakafu inatakiwa iwe na joto lililozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji, kwa angalau nyuzi tatu. Hewa ikiwa nyuzi 28 na unyevunyevu asilimia 85, umande unaanza kwenye nyuzi 25 hivi, yaani uko ukingoni kabisa. Mimi naanza saa tisa alasiri na kuhakikisha nimemaliza kabla ya saa kumi na mbili. Kipima unyevu kidogo cha mezani ni bei nafuu, nacho kimeniokoa mara nyingi. Arusha au Mbeya, ambako usiku una baridi kweli, anza mapema zaidi, kwani baridi huchelewesha epoksi kukomaa.

Kopo moja lina rezini, la pili lina hadina, yaani kigandishaji. Fuata kipimo kilichoandikwa bila kukisia. Kuongeza hadina ili ikauke haraka kunakupa sakafu ya kunatanata isiyokomaa milele. Koroga dakika tatu kwa dirili la mwendo wa polepole, hamishia kwenye ndoo nyingine, koroga tena, maana kilichoganda kwenye kuta za ndoo ya kwanza hakikuchanganyika. Kisha mwaga sakafuni mara moja. Mchanganyiko hujipasha joto wenyewe, na ukiwa umerundikana ndoo inaweza kutoa moshi. Kopo likisema dakika 40 kwa nyuzi 25, kwa nyuzi 35 chini ya bati hesabu kama 20. Anzia ukuta wa nyuma ukitoka kuelekea mlangoni, changanya kiasi utakachokimaliza, na uwe na mtu wa pili wa kukoroga.

Vaa glavu za naitrili. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji, usitumie thina, kwa sababu thina inaipenyeza ndani ya ngozi. Mwili ukishaanza kuikataa epoksi, mzio huo hukaa nao. Ninawajua mafundi walioacha kazi kwa sababu hiyo.

Kabla ya koti la pili pitisha mkono. Ukihisi utelezi kama wa nta, unyevu umeitoa juu amini, kemikali iliyomo kwenye hadina; osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, piga msasa mwepesi. Kwenye koti hilo nyunyiza mchanga mkavu wa kwatsi, kwa sababu epoksi yenye maji juu yake inaangusha watu, na bandani watoto hupita mbio.

Kutembea juu yake, siku moja. Gari, siku saba. Matairi yaliyotoka barabarani yana joto, na yakipoa yanajikunyata na kuvuta ganda ambalo bado halijakomaa. Na ile nusu mita ya mlangoni inayopigwa na jua itageuka manjano, kwani epoksi haivumilii jua. Ipake poliurithani juu yake, au iache ikiwa zege tupu.