Mbegu ya papai, mswaki na sukuma wiki: ukali mmoja, nakala nyingi

Tafuna mbegu mbichi ya papai. Baada ya sekunde chache ulimi unawaka na ukali unapanda puani. Fanya hivyo kwa kipande cha mzizi wa mlonge, kisha kijiti kibichi cha mswaki, kisha punje za haradali, ile rai inayotiwa kwenye achari ya embe. Ukali ni wa aina moja, na haukutokea kwa bahati. Mpapai, mlonge, mswaki (Salvadora persica), mgagani na jamii yote ya kabichi wako katika oda moja, Brassicales, na wamerithi silaha moja kutoka kwa babu mmoja.

Silaha hiyo ina sehemu mbili zinazowekwa mbalimbali. Ya kwanza ni glukosinolati: molekuli yenye glukosi, salfa, na mkia uliotengenezwa kutokana na asidi amino. Peke yake haiwashi. Ya pili ni mirosinase, kimeng'enya kinachong'oa ile glukosi. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani, kwa kuwa vimehifadhiwa katika seli tofauti. Likitafunwa au likipondwa, seli zinapasuka, glukosi inang'oka, na molekuli iliyobaki inajipanga upya kuwa isothiosianati. Hiyo ndiyo inayowasha.

Mpishi anaweza kuyatumia haya moja kwa moja. Haradali iliyopondwa ikorogwe kwa maji baridi na iachwe kama dakika kumi kabla ya kutia siki. Ukitia maji yanayochemka unakiua kimeng'enya na unabaki na uji mchungu usio na ukali. Siki ikitangulia, asidi inakizuia kufanya kazi. Ikija baadaye, inauhifadhi ukali uliokwisha kutoka. Sukuma wiki nayo ikatwekatwe na iachwe kidogo kabla ya kufika jikoni. Iliyochemshwa majani mazima ina glukosinolati bila mirosinase, lakini unga kidogo wa mbegu mbichi za haradali ukinyunyizwa juu ya mboga iliyoiva unakirudisha kimeng'enya kilichokufa. Tusichanganye ukali na uchungu: baadhi ya glukosinolati, kama sinigrini, ni chungu zenyewe kabla hata ya kukatwa, na uchungu huo hauondoki kwa kuua kimeng'enya.

Tofauti kati ya mmea na mmea iko kwenye mkia. Papai na mswaki hutumia asidi amino ya fenilalanini, ndiyo maana ukali wao ni wa benzili. Mlonge una mkia unaofanana na huo, ila umebandikwa sukari ya rhamnosi. Jamii ya kabichi ina mikia ya triptofani na, zaidi ya yote, mikia ya methionini, ambayo hurefushwa kaboni moja moja kabla ya kugeuzwa glukosinolati. Ikirefushwa mara moja unaweza kupata sinigrini, inayotawala katika haradali nyeusi na katika loshuu. Ikirefushwa mara mbili unaweza kupata glukorafanini ya brokoli.

Kimeng'enya kinachoirefusha methionini kinaitwa MAM, na kwangu hakuna mfano bora wa jinsi jeni mpya inavyozaliwa. Mimea hutengeneza asidi amino ya leusini kwa msaada wa kimeng'enya IPMS. Mwishoni mwa IPMS kuna kipande kinachohisi leusini inapozidi na kuizima kazi, kama boya la tangi linavyofunga maji. Jeni ya IPMS ilipopata nakala ya pili, ya kwanza iliendelea na leusini, kwa hiyo mmea haukudhurika. Nakala ya pili ikawa huru kukosea. Ikapoteza kile kipande cha kuhisi, ikabadilika asidi amino chache mahali pa kushikia malighafi, ikaanza kushika bidhaa za methionini. Kifaa cha lishe kikawa kifaa cha ulinzi.

Nakala hutoka wapi? Nyingine hutokea jeni moja inapojirudia ubavuni mwa mwenzake. Lakini katika jamii hii kumekuwa na jambo kubwa zaidi: jenomu nzima, yaani seti yote ya DNA ya mmea, kujirudia. Wataalamu huyaita matukio haya kwa herufi za Kigiriki. Gama ni la kale sana, na mimea mingi yenye maua inalo. Beta lilitokea baada ya ukoo wa mpapai kujitenga. Alfa lilitokea karibu na shina la familia ya kabichi yenyewe. Jenomu ya papai iliposomwa mwaka 2008, haikuonyesha beta wala alfa. Ndiyo maana papai ni kipimo kizuri cha jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya kujirudia huko. Mgagani uko katika familia dada, Cleomaceae, nao haukushiriki alfa.

Baada ya hapo ukoo wa Brassica ukaizidisha jenomu yake mara tatu. Arabidopsis thaliana, kimmea kidogo kisicholiwa ambacho maabara nyingi hukitegemea, kilisomwa mwaka 2000 na kuhesabiwa jeni kama 25,500 katika kromosomu 5. Brassica rapa, mama wa kabichi ya Kichina, ilisomwa mwaka 2011 ikaonekana na jeni kama 41,000. Tatu mara 25,500 ingekuwa zaidi ya 76,000, maana yake karibu nusu ya nakala zimepotea. Hazikupotea ovyo. Moja ya zile jenomu tatu ndogo imehifadhi jeni nyingi kuliko wenzake wawili, na jeni zinazobaki mara kwa mara ni zile zinazofanya kazi kwa uwiano na nyingine, kama wadhibiti wa jeni. FLC, jeni inayozuia maua mpaka mmea upite kwenye baridi, iko moja tu katika Arabidopsis, B. rapa inazo nne.

Wadudu nao hawakulala. Viwavi wa vipepeo weupe wa kabichi wana protini tumboni inayoigeuza njia: badala ya isothiosianati inatoka nitrili, isiyo na sumu kali kwao. Viwavi wa Plutella xylostella, wale wanaokwangua jani la sukuma na kuacha madirisha membamba, wana kimeng'enya kinachokata salfeti kwenye glukosinolati kabla mirosinase haijaifikia. Vidukari wa kabichi, wale wenye vumbi la kijivu, wamekwenda mbali zaidi: wananyonya glukosinolati, wanaihifadhi mwilini, na wana mirosinase yao wenyewe. Adui akimponda kidukari, silaha ya mmea inafyatuka ndani ya mdudu. Kwa hiyo anayedhani mboga kali zaidi haitaliwa na wadudu hawa atavunjika moyo. Harufu hiyo ndiyo inayowaonyesha njia.

Sasa loshuu. Kwa watu wa Arusha ni loshuu, magharibi mwa Kenya ni kanzira, kwa jina la kisayansi ni Brassica carinata. Mwaka 1935 Nagaharu U, mtafiti mzaliwa wa Japani mwenye baba Mkorea, alieleza uhusiano wa spishi sita kwa pembetatu. Kwenye pembe kuna spishi tatu za msingi: rapa yenye jenomu A na kromosomu 10 kwa seti moja, nigra (haradali nyeusi) yenye B na 8, na oleracea (kabichi, sukuma, brokoli, koliflawa) yenye C na 9. Katikati ya kila pembe mbili kuna mtoto aliyebeba seti zote za wazazi: juncea ni A na B, napus ni A na C, na carinata ni B na C. Kwa kuwa kila seli hubeba kila seti mara mbili, loshuu ina kromosomu 34 na sukuma ina 18. Majani yao sokoni yanaweza kumchanganya hata mzoefu, ila hesabu ya kromosomu haichanganyi.

Wakulima wanaotunza mbegu wanauliza kama loshuu na sukuma zikichanua pamoja zitaharibiana. Mseto kati yao ni mgumu kupatikana. Ukitokea, mtoto ana kromosomu 26: C tisa kutoka kila upande zinapata wenza, B nane zinabaki pekee na kutawanyika ovyo wakati wa kuunda chavua, na mmea unakuwa karibu tasa. Hatari halisi iko kwingine: sukuma na kabichi au brokoli ni spishi moja na huzaana bila kizuizi. Isitoshe, sukuma kwa kawaida hukataa chavua yake yenyewe, hivyo ukiacha mmea mmoja tu uchanue utapata mbegu chache mno. Acha mimea mingi. Loshuu hujichavusha vizuri.

Maabara ndiko nakala zinakowatesa watu zaidi. Kutoa DNA si tatizo kubwa, mradi uchukue majani machanga. Miligramu 100 za jani lililosagwa, mikrolita 600 za CTAB (aina ya sabuni inayopasua seli) ya asilimia 2 yenye chumvi ya mola 1.4, nyuzi 65 kwa dakika 30 hadi 60, kisha klorofomu na pombe ya isoamili (24:1) kwa ujazo sawa, zungusha, chukua maji ya juu, tia isopropanoli, osha kwa ethanoli ya asilimia 70. Majani yaliyokomaa ya sukuma huleta uteute wa polisakaridi (minyororo mirefu ya sukari): DNA inakuwa kama makamasi na PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, inakwama. Kuiweka miche gizani siku moja au mbili kabla ya kuvuna hupunguza wanga, na chumvi nyingi huzuia uteute kushuka pamoja na DNA.

Kosa huja baadaye. Mtu anachukua jeni ya Arabidopsis, anatengeneza praima, kipande kifupi cha DNA kinachoionyesha PCR pa kuanzia, kwenye sehemu inayofanana kila mahali, anaipeleka kwenye loshuu. Jenomu B na C kila moja imetokana na ule mzidisho wa tatu, kwa hiyo jeni moja inaweza kuwa na hadi nakala sita. PCR inazikuza kadhaa kwa pamoja, grafu ya usomaji wa DNA inaonyesha vilele viwili mahali pamoja, naye anaandika kwamba mmea una aleli mbili tofauti, yaani matoleo mawili ya jeni ileile. Kipimo ni rahisi: kama koo zote safi zilizojichavusha kwa vizazi vingi zinaonyesha vilele vilevile viwili, hizo ni nakala, si aleli. Weka praima kwenye introni (sehemu ya jeni isiyosimba protini) au baada ya mwisho wa usimbaji, ambako nakala zimetofautiana zaidi, na herufi ya mwisho ya praima iangukie kwenye tofauti. Kwenye kila jaribio pandisha pia DNA ya haradali nyeusi na ya sukuma. Praima ya nakala ya B ikikuza kitu kwenye sukuma, bado haijafaa.

Kwenye uhariri wa jeni kwa CRISPR, mkasi wa molekuli unaoongozwa na mwongozo mfupi hadi mahali pa kukata DNA, sheria inageuka. Hapo unataka herufi 20 za mwongozo zilizo sawa katika nakala zote, na baada ya kuotesha mmea unasoma kila nakala kwa praima yake. Mmea uliovunjwa nakala tano kati ya sita mara nyingi huonekana mzima kabisa.