Rubani na Kidoa cha Bahari: Tuliyobishana Barazani Lamu

Baada ya Isha, kwenye baraza moja ya Mkomani, simu ilipita mikono mitano. Ndani yake mlikuwa na video ya kijivu: kidoa kinakimbia juu ya bahari, na marubani wa jeshi la majini la Marekani wanapiga kelele za furaha kwa kukinasa kwenye kamera. Kabla dele la kahawa halijazunguka mara ya pili, kila mtu alikuwa na hukumu yake.

“Wamarekani wenyewe wamekiri ni viumbe wa sayari nyingine.”

Hawajakiri. Aprili 2020 Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ilitoa rasmi video tatu, hii ikiwemo, na ikasema vilivyoonekana humo havijatambuliwa. Basi. Mtu akibisha hodi usiku nawe hujamjua, hujasema ni jini. Ripoti ya serikali ya Marekani ya Juni 2021 ilipitia visa 144 vya vitu visivyotambuliwa angani, na kimoja tu kikapata jibu la uhakika: puto kubwa lililokuwa likiishiwa hewa. Vingi vya vilivyobaki vilikosa data za kutosha kuamua lolote, na hapo ndipo watu hujazia wanachokitaka. Machi 2024 AARO, ofisi ya Pentagon inayochunguza mambo haya, ilitoa ripoti iliyorudi nyuma hadi 1945. Haikupata ushahidi wowote wa teknolojia kutoka nje ya dunia.

“Rubani wa kivita hawezi kukosea.”

Hapa ndipo ami yangu, nahodha mstaafu, alipoweka kikombe chini. Usiku mmoja nje ya Shela aliona taa mbele, akaamini ni karabai ya wavuvi waliokuwa karibu, akageuza chombo kuwapisha. Alipokwenda saa nzima taa ikiwa palepale, akajua ni meli, tena iko mbali. Macho yake yalikuwa mazima. Kilichokosekana ni kitu cha kupimia umbali.

Kamera ya ndege ina shida hiyohiyo, na ndege yenyewe iko mbioni. Ukivuka kwa boti kutoka uwanja wa ndege wa Manda, tazama nguzo iliyo karibu nawe: inakimbia kurudi nyuma, huku mikoko ya mbali imetulia. Nguzo haijaenda popote, ni wewe unayekwenda. Video ile, iliyopewa jina la Gofast, ilipigwa 2015 upande wa Atlantiki. Jopo la NASA lilichukua namba zinazoonekana kwenye kioo cha kamera, likapiga hesabu, na Septemba 2023 likatoa jibu: kidoa hakikuwa karibu na mawimbi hata kidogo. Kilikuwa futi 13,000 hivi kutoka baharini, kikienda kama kilomita 64 kwa saa. Ni mwendo ambao upepo wa huko juu unaweza kukupa bila injini. Bodaboda wa Mokowe angekipita.

Kwa hiyo rubani hakusema uongo. Alisema alichokiona.

“Vitu hivi vimewahi kuangusha ndege ya jeshi.”

Anayetajwa ni Kapteni Thomas Mantell, rubani wa Marekani aliyekufa Kentucky tarehe 7 Januari 1948. Alikuwa akifukuza kitu cheupe, akapanda juu mno bila hewa ya oksijeni. Jeshi la anga kwanza lilisema alikuwa akifukuza sayari ya Zuhura. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni puto la Skyhook, mradi wa siri wa jeshi la majini ambao waliokuwa wakimwongoza kutoka chini hawakuujua.

“Kwetu hakuna mambo ya anga.”

Mwambie hivyo mzee wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini hapo, Waitaliano na Wamarekani walirusha satelaiti kwa roketi kati ya 1967 na 1988. Mojawapo, ya tarehe 12 Desemba 1970, ilipewa jina Uhuru kwa kuwa ilipaa siku ya sikukuu yetu. Asiyeambiwa angeuona moto ule akaapa kwa aonacho.

“Hii ndiyo video ya Fravor.”

Wengi huchanganya, hata wafuatiliaji. Kisa cha Kamanda David Fravor, rubani wa jeshi la majini la Marekani, ni cha tarehe 14 Novemba 2004, pwani ya kusini mwa California. Rada ya meli Princeton ilikuwa imenasa alama za ajabu kwa siku kadhaa. Ndege mbili za manowari Nimitz, zenye watu wanne, zikaelekezwa huko. Fravor alisimulia kitu cheupe mfano wa kidonge, bila mabawa, kama futi 40 kwa urefu, kikichezacheza juu ya maji yaliyokuwa yakitokota. Alishuka kukikaribia, kikamtoka. Alex Dietrich, rubani wa ndege ya pili, naye amekisimulia kisa hicho hadharani. Lakini hawakupiga video. Inayojulikana ilipigwa baadaye siku hiyo na Chad Underwood, aliyekuwa kwenye ndege nyingine, na yeye alikinasa kwa kamera ya joto, hakukiona kwa macho. Kwangu hiki ndicho kisa kigumu kuliko vyote, na anayekimaliza kwa kicheko hajakisoma.

Ami alisikiliza mpaka mwisho.

“Taa hudanganya mato,” akasema. “Lakini mai yakitibuka, tini yake pana kitu. Hayo mai waliyaeleza vipi?”

Nikamwambia hawajayaeleza. Akanisogezea kikombe nimtilie.