COBOL: pima kigeu kabla ya kukijaza

Katika COBOL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kila kigeu (nafasi yenye jina ya kuwekea data) hutangazwa mapema, kwenye sehemu iitwayo DATA DIVISION, kikiwa na jina, aina na ukubwa wake. Lugha hii ilianza kubuniwa mwaka 1959 kwa ajili ya hesabu za biashara, na sehemu hiyo ndiyo wanafunzi wetu huipita mbiombio. Ningependa waikalie.

Tazama rekodi hii:

01 MTEJA.
   05 JINA PIC X(20).
   05 SALIO PIC S9(5)V99.
   05 HALI PIC X.
      88 AMEFUNGA VALUE "F".

Nambari za mwanzo ni ngazi. 01 ni rekodi nzima, 05 ni viungo vyake. Ukitaja MTEJA umevibeba vyote. Ukitaja SALIO umeshika kimoja tu.

PIC ndiyo kipimo. X(20) ni herufi 20: jina refu kuliko hapo hukatwa mkiani, fupi hujaziwa nafasi tupu. 9 husimama badala ya tarakimu, na V huonyesha mahali pa nukta ya desimali bila kuchukua nafasi yoyote. SALIO basi haliwezi kuzidi 99999.99.

Hapa naomba utulie. Ukihamishia humo 125000.50 kwa amri ya MOVE, tarakimu ya kushoto hudondoka na kubaki 25000.50. Programu inaendelea kama kawaida, na laki nzima imepotea kimyakimya. Kwenye kujumlisha na kuzidisha unaweza kujikinga kwa kuongeza ON SIZE ERROR, kifungu cha kusema nini kifanyike jibu lisipotosha kwenye kigeu. MOVE haina kinga hiyo, kwa hiyo kipimo chenyewe lazima kitoshe.

Ile S iliyo mbele ya 9(5) nayo ni herufi moja tu, lakini ukiisahau alama ya kutoa inakosa pa kukaa. Deni la -300.00 litahifadhiwa kama 300.00, na mdaiwa ataonekana ana akiba.

Ngazi ya 88 haitengi nafasi mpya. Inaipa jina thamani fulani ya HALI, hapa "F". Unaandika IF AMEFUNGA, na atakayeirithi programu hiyo ataelewa bila kuuliza "F" ni nini.

Tatizo la mwaka 2000 lilizaliwa kwenye matangazo ya namna hii. Vigeu vingi vya mwaka vilitangazwa PIC 99, yaani tarakimu mbili tu, kwa kuwa nafasi ya kuhifadhia data ilikuwa ghali. Baada ya 99 ikaja 00, mwaka mpya ukawa mdogo kuliko uliopita. Kuandika PIC 9(4) ni kazi ya sekunde chache. Kazi kubwa ilikuwa kufuatilia kila rekodi, faili na ripoti ambamo zile tarakimu mbili zilikuwa zimeingia.