Maswali na Majibu: Video za Ngono, "Nguvu za Kiume" na Vijana

Video za ngono si zinafundisha?
Hapana. Ni maigizo ya watu wanaolipwa. Hurekodiwa vipande vipande, kisha huunganishwa vionekane tendo moja lisilokatika. Wapo wanaomeza dawa au kudungwa sindano kabla ya kamera kuwashwa. Mtazamaji haoni hayo, wala kwa kawaida haoni kondomu, kupima VVU, au mtu akimuuliza mwenzake kama ameridhia.

Nina miaka 21. Namaliza baada ya dakika tano. Naumwa?
Huumwi. Utafiti wa mwaka 2005 uliopima kwa saa wapenzi wa nchi tano ulikuta muda wa kati ni kama dakika tano na nusu. Na uume uliosimama una wastani wa sentimita 13 hivi. Kijana mzima wa afya anakuja hospitali akiomba atibiwe kwa sababu hafanani na mtu aliyemwona kwenye simu!

Nikimeza kidonge cha nguvu za kiume mara moja tu, nijiamini?
Usimeze. Sildenafili, dawa iliyomo kwenye vidonge hivyo kama Viagra, ni ya mwenye tatizo la kusimamisha aliyepimwa na daktari. Haiongezi ukubwa. Kwa anayetumia dawa za moyo aina ya nitrati, presha inaweza kushuka hadi akafa. Vumbi la Kongo, ule unga unaouzwa mitaani kama dawa ya nguvu za kiume, ndiyo usiliguse kabisa: hata anayekuuzia kile kikaratasi hajui kimefungwa nini.

Nimeshatumia. Uume umesimama tangu usiku, unauma na haulali. Nisubiri?
Usisubiri! Ukipita masaa manne ni dharura, nenda hospitali. Damu imekwama ndani, oksijeni imekwisha, misuli inaanza kufa. Wengi huja kesho yake jioni, sweta limefungwa kiunoni, wameshaoga maji ya baridi na kunywa ndimu. Pale mapokezi wanasema "tumbo linauma", wanapangwa foleni ya kawaida, muda unazidi kwenda. Sema ukweli: "Uume umesimama, haulali." Hakuna atakayekucheka, na akicheka, mwite daktari. Mwenye selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) tatizo hili linaweza kumpata hata bila dawa yoyote; naye asisubiri. Narudia, masaa manne. Ukichelewa, huenda usisimamishe tena maishani.

Mpenzi wangu ananikaba shingo, anasema ndivyo wanavyofanya kwenye video. Nivumilie?
Usivumilie. Kukabwa shingo kunaua. Kama alikulazimisha kufanya ngono, njoo hospitali ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, upate dawa za kuzuia VVU na mimba. Usisubiri michubuko ipone kwanza.

Sisi wazazi tufanye nini? Tumemnyang'anya simu.
Ataangalia kwa rafiki. Zamani somo au kungwi alikuwa na mambo ya kusema. Leo mama anaona haya, baba yuko kimya, shuleni wanagusia viungo vya uzazi na kufunga daftari. Zungumzeni naye kabla hajabalehe: mwili hubadilikaje, ridhaa ni nini, video zile ni maigizo. Na akija kukwambia kuna mahali panamuuma, usianze kwa kumgombeza. Mlete hospitali siku hiyo hiyo.