Basi la shule Marekani halikuanza na amri ya mahakama

Wengi wanaofuatilia siasa za Marekani wanaamini kwamba kabla ya miaka ya 1970 kila mtoto alisoma shule ya jirani, kisha mahakama zikaamuru watoto wapakiwe kwenye mabasi ili weusi na weupe wasome pamoja.

Imani hiyo inaeleweka. Picha za Boston mwaka 1974, mabasi yakirushiwa mawe, zimesambaa sana. Lakini mabasi yalikuwepo miongo kadhaa kabla, na mara nyingi yaliutumikia ubaguzi wenyewe. Kule Topeka, Kansas, msichana mdogo mweusi alikatiza njia za reli kwa miguu akapande basi la kwenda shule ya weusi, ilhali shule ya weupe ilikuwa karibu zaidi na kwao. Kesi iliyomhusu ni miongoni mwa zilizozaa uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1954, uliokataza kuwatenganisha weusi na weupe katika shule za umma. Ule wa 1971, kuhusu mji wa Charlotte, North Carolina, ukaruhusu mabasi yatumike kuuvunja ubaguzi uleule. Kwangu, uzito uko hapo: safari ndefu ilikuwa ya kawaida, mpaka ilipowaunganisha watoto.

Hukumu hizo zipo wazi kwenye intaneti. Anza na maelezo ya kesi, ndipo usome maoni ya wanasiasa. Na ukisikia "zamani", uliza mwaka gani, mji gani.